Barua ya Mkopo Isikae Kabatini: Kila Ilani Ina Siku Zake

Barua nyingi kuhusu mikopo iliyochelewa hukaa bila kufunguliwa. Mkopaji anajua hana pesa, basi anaona heri asijue kilichoandikwa. Hata hivyo, siku za kisheria huhesabiwa tangu ilani ilipofikishwa, si tangu ilipofunguliwa. Kwa aliyeweka hatimiliki ya shamba au nyumba kuwa dhamana, kila barua huonyesha amefika wapi na amebakiwa na nafasi gani.

Barua za ukumbusho

Hizi hutangulia, mara nyingi pamoja na simu na ujumbe mfupi. Haziwezi zenyewe kuuza mali ya mtu. Huu ndio wakati mwepesi zaidi wa kuomba mpango mpya wa malipo. Ombi liandikwe, na mkopaji abaki na nakala iliyopigwa muhuri wa kupokelewa.

Barua nyingine huonya kwamba jina litawasilishwa kwa Shirika la Marejeleo ya Mikopo (CRB). Kila mkopaji ana haki ya kupata ripoti yake ya CRB bila malipo mara moja kwa mwaka, na kupinga taarifa zisizo za kweli.

Ilani ya miezi mitatu

Deni lililochelewa likiendelea kwa mwezi mmoja bila kulipwa, Kifungu cha 90 cha Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 kinamruhusu mkopeshaji kutoa ilani rasmi. Ilani hiyo lazima itaje:

- kosa lenyewe na ukubwa wake;
- kiasi kinachotakiwa, na muda wa kukilipa usiopungua miezi mitatu;
- hatua zitakazofuata asipolipa;
- haki ya mkopaji ya kwenda mahakamani kuomba nafuu.

Ilani yenye kasoro inaweza kupingwa mahakamani.

Ilani ya siku 40

Miezi mitatu ikipita bila malipo, mkopeshaji anayetaka kuuza ardhi hutoa ilani ya kuuza ya siku zisizopungua 40, chini ya Kifungu cha 96. Nakala hupelekwa pia kwa wadhamini, wamiliki wenza na mume au mke aliyeridhia ardhi iwekwe dhamana. Familia isishangae basi barua ikija kwa jina la mke.

Barua ya dalali

Dalali hutoa ilani ya siku zisizopungua 45 ili mwenye ardhi aikomboe. Baada ya hapo mnada hutangazwa gazetini, na haufanyiki kabla ya siku 14 tangu tangazo la kwanza. Kabla ya mauzo, ardhi lazima ithaminiwe, na mkopeshaji ana wajibu wa kutafuta bei bora inayoweza kupatikana.

Kwa mali inayohamishika, kama gari, muda ni mfupi zaidi: dalali huorodhesha mali na kutoa siku saba. Mkazi anaweza kumtaka dalali aonyeshe leseni na barua iliyomtuma.

Kagua hesabu

Mkopaji aombe taarifa ya akaunti na kuilinganisha na risiti zake. Kwa mikopo ya benki, Kifungu cha 44A cha Sheria ya Benki kinaweka kikomo: tangu mkopo uorodheshwe kuwa usiolipika, riba inayodaiwa haiwezi kuzidi salio la mkopo lililokuwapo siku hiyo. Deni la 200,000 haliwezi kuongezewa riba ya zaidi ya 200,000, mbali na gharama za kulidai.

Mdhamini wa mkopo wa SACCO naye asipuuze barua, kwani akiba yake inaweza kukatwa. Migogoro ya SACCO na wanachama husikizwa na Mahakama Maalum ya Vyama vya Ushirika.

La kufanya leo

Andika juu ya kila barua tarehe uliyoipokea na aliyeileta. Iweke pamoja na mkataba wa mkopo na risiti zote, kisha umwone afisa wa mikopo au wakili mapema. Asiyemudu wakili anaweza kuomba usaidizi kwa Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria. Ardhi ikishauzwa mnadani, kuirudisha ni vigumu mno. Ndani ya miezi mitatu ya ilani ya kwanza, bado kuna nafasi ya kuzungumza.