Picha ya Tingatinga na Uchache wa Rangi

Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru wa mwaka 1932, alifanya kazi katika mashamba ya mkonge ya Tanga kabla ya kuhamia Dar es Salaam. Huko, mnamo mwaka 1968, alianza kuchora watu na wanyama juu ya vipande vya mbao za dari, kwa rangi ya mafuta ipakwayo baiskeli. Alifariki mwaka 1972, lakini picha zake zaigwa hata leo. Mtu akaaye Nguvumali, mjini Tanga, akitaka kuiga mojawapo, yafaa ajiulize kwanza: je, yahitaji rangi ngapi?

Makopo manne yatosha: nyeupe, nyeusi, nyekundu na manjano. Nyekundu na manjano hutoa rangi ya machungwa. Nyekundu na nyeusi, kahawia. Manjano na nyeusi, kijani kilichofifia. Buluu haimo, lakini kijivu cha nyeusi na nyeupe, kikizungukwa na nyekundu na manjano, jicho hukiona kama buluu. Nyeusi itiwe tone kwa tone, maana ikizidi haiondoki.

Kiswahili nacho kimefanya kazi kwa uchache huo. Sifa za rangi zipatanazo na ngeli ni tatu tu: -eupe, -eusi na -ekundu. Nyingine zimetokana na vitu: kijani na majani, kijivu na jivu, manjano na kiungo cha jina hilo. Berlin na Kay, katika kitabu chao cha mwaka 1969, walieleza kuwa lugha yenye majina matatu tu ya msingi ya rangi huwa na hayo hayo matatu.

Tena, mtu aitwaye mweupe hana weupe wa chokaa. Ni mweupe akilinganishwa na aliye maji ya kunde. Maana ya neno yatokana na jirani yake, na rangi ya picha vivyo hivyo. Basi mwigaji asihangaike kupata rangi ile ile ya asili, bali ahifadhi tofauti iliyopo baina ya rangi na rangi, ili sura na mwendo wa kiumbe visipotee.

Amalizapo, na atie sahihi yake mwenyewe. Kuiga mkono wa fundi ni kujifunza. Kuiga jina lake ni wizi, nao huwapotosha watakaotaka kuijua kazi yake halisi.