Chuma Kikaacho Mwilini

Habari hii sikuitafuta; ilinijia yenyewe Songo Mnara, mji wa kale wa Waswahili katika pwani ya kusini ya Tanzania, katika uwanja ulio wazi baina ya magofu ya majumba na misikiti, mahali ambapo jicho la mgeni halioni ila majani na mchanga. Mji huu ulikuwa na fahari yake katika karne ya 15. Nililoelezwa, na ambalo halijaniacha hata leo, ni kwamba wataalamu wa mambo ya kale walipita uwanjani humo na kipima sumaku, na kabla jembe halijagusa ardhi wakaona alama za nyumba za udongo zilizokwisha kutoweka zamani. Maana udongo una chembe za chuma, na udongo uliopata kuungua huishika sumaku na kuihifadhi mamia ya miaka, hata ukuta uanguke na mwenye nyumba asahauliwe.

Mwenzangu wa safari, mzee mpole aliyestaafu kazi ya kupiga picha za eksirei, aliposikia hayo alisimama, akaniita mwanangu, akasema kwamba jambo lilo hilo hutendwa ndani ya mwili wa binadamu. Ziko dawa, alisema, za chembe za oksaidi ya chuma, zenye ukubwa wa makumi ya nanomita tu, ilhali nanomita moja ni sehemu moja katika milioni ya milimita. Chembe hizo huvishwa ganda la jamii ya sukari, zikatiwa mshipani, nazo zikichukuliwa na damu hufika katika ini na bandama, ambako mna seli zilizo mfano wa mabawabu, zimezazo kila kigeni kipitacho. Ini lenye afya, likiisha kushiba chuma hicho, huivuruga sumaku ya mashine ya MRI na kuonekana jeusi pichani. Saratani, kwa kuwa aghalabu haina mabawabu, haimezi kitu, ikabaki nyeupe. Ugonjwa hujifichua kwa kushindwa kumeza! Kila nikilitafakari jambo hili naustaajabia uzuri wake.

Walakini mzee hakuridhika niishie katika uzuri. Alinikumbusha Thorotrast, dawa ya chembe za oksaidi ya thori iliyotiwa watu mishipani tangu miaka ya 1930 hadi ya 1950, Ujerumani, Ureno, Denmark, Japani na kwingineko. Picha zake zilikuwa safi, mgonjwa hakuona maumivu, matabibu wakaisifu. Mabawabu wale wale waliimeza. Lakini chuma mwili wajua kukivunja na kukitumia katika kuunda damu, thori haujui. Ikakaa ikitoa mionzi, nayo thori hupungua nusu kwa miaka bilioni 14. Baada ya miaka 20 na 30 saratani za ini zikawazukia watu waliokwisha kuisahau sindano.

Chuma nacho hakikosi hadhari. Ferumoxytol, mojawapo ya dawa hizo za chembe za oksaidi ya chuma, iliidhinishwa Marekani mwaka 2009 kutibu upungufu wa damu kwa wenye maradhi ya figo, na matabibu wakaitumia katika picha pia. Mwaka 2015 iliwekewa onyo kali kupita yote, kwa sababu wagonjwa kadhaa walipatwa na mzio wa ghafla hata wengine wakafa.

Mzee akaniuliza, tukiwa tumekaa juu ya ukingo wa kisima: mtoto wa pwani hii mwenye selimundu, aliyeongezewa damu mara nyingi hata ini lake likajaa chuma, mabawabu wake watamezaje tena? Na chembe hizi zimejaribiwa kwa wangapi wa namna yake?

Nawasihi wenye madaraka ya hospitali zetu: kila mtu atiwaye dawa ya picha aandikiwe katika daftari lake mwenyewe jina la dawa hiyo, kiasi na tarehe, kwa wino usiofutika, kwani tabibu atakayelihitaji jina hilo huenda hajazaliwa bado.