Mfanyakazi Yupo, Kazi Haiendi

Ni mwisho wa mwezi. Mhasibu wa mishahara amekaa mbele ya kompyuta tangu saa mbili asubuhi. Jedwali lile lile amelipitia mara tatu, na kila mara jumla inatoka tofauti. Hakuchelewa, hakuomba ED (ruhusa ya ugonjwa), na rejesta inaonyesha yupo. Ila hii ni wiki ya tatu hapati usingizi. Mishahara ikitoka na makosa, watu wawili watatumia siku mbili kuyarekebisha, na hakuna atakayeandika popote kwamba gharama hiyo imeletwa na sonona.

Hapo ndipo waajiri wengi wanapopotea. Maradhi ya akili hayana safu yao kwenye vitabu vya hesabu. Yamejificha kwenye safu nyingine: saa za ziada, mali iliyoharibika, matangazo ya nafasi za kazi, bili za bima. Kuvuja kwa pakacha ni nafuu ya mchukuzi. Mwenye mzigo hushtuka akifika sokoni. Na mzigo wenyewe si mdogo: Shirika la Afya Duniani (WHO) na Shirika la Kazi Duniani yanakadiria kuwa siku bilioni 12 za kazi hupotea kila mwaka kwa sababu ya sonona na wasiwasi uliopitiliza, hasara ya takriban dola trilioni 1 za Marekani.

Hasara hiyo ina mafungu matatu. La kwanza ni siku za kutokuwepo. Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inatoa siku 126 za likizo ya ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36: siku 63 kwa mshahara kamili, 63 kwa nusu. Fungu hili linaonekana, ndiyo maana humtisha mwajiri kuliko mengine.

La pili ni la yule mhasibu wetu: yupo, lakini kazi haiendi. Haombi ruhusa kwa sababu anajua kwamba cheti cha malaria hakimwachii mtu jina, cha sonona kitamwachia. Kadiri ofisi inavyotania “machizi”, ndivyo fungu hili linavyonenepa gizani.

La tatu ni kuacha kazi. Tuchukue mfano wa mshahara wa shilingi 1,000,000 kwa mwezi. Mgeni akihitaji miezi minne kuizoea kazi, na kwa muda huo akatoa nusu tu ya kinachotakiwa, shilingi 2,000,000 zimeshakwenda. Hapo hujagusa gharama za usaili wala muda wa anayemfundisha.

Je, kutibu kunalipa? Utafiti ulioongozwa na WHO na kuchapishwa 2016, ukihusisha nchi 36, ulikadiria kuwa kila dola 1 inayotumika kutibu sonona na wasiwasi hurudisha dola 4. Meneja wa fedha mwenye jicho kali atauliza ndani ya nne hizo mna nini. Ana haki: humo imo pia thamani ya afya yenyewe. Ukiitoa, ukabakiza faida ya kiuchumi peke yake, hurudi kati ya dola 2.3 na 3. Bado ni biashara nzuri.

Hata hivyo, hesabu hiyo ni ya nchi na ni ya matibabu. Haimhusu anayefanya bonanza mara moja kwa mwaka, akagawa fulana, kisha Jumatatu watu wakarudi kwenye zamu zile zile. Mwongozo wa WHO wa 2022 unahimiza kuirekebisha kazi yenyewe, kuwafundisha wasimamizi kumtambua aliyelemewa, na kumsaidia aliyeugua arudi kazini taratibu. Mnasihi ana nafasi yake, lakini hawezi kumponya mtu anayevuka kila mwezi kikomo cha kisheria cha saa 50 za ziada katika wiki nne.

Kwa hiyo, kabla ya kuagiza fulana, mwajiri aombe karatasi tatu kwa kila idara: siku za ED, saa za ziada na idadi ya walioacha kazi. Idara inayoongoza katika zote tatu si kwamba imejaliwa watu dhaifu. Akaitazame ratiba yake, na msimamizi wake. Pakacha linavujia hapo.