Mganga Anasikiliza Nini Kifuani?

Mara nyingi tumewasikia watu wakirudi kutoka hospitali na kunung'unika: «Mganga hakunipiga sindano. Alinigonga mgongoni tu, akasikiliza, akaniuliza maswali.» Wanadhani wamepotezewa wakati. Kumbe huko kugonga na kusikiliza ni kazi kubwa. Atoaye dawa kabla ya kuujua ugonjwa ni sawa na mwindaji arushaye mshale gizani.

Kwanza mganga hutumia macho. Hutazama kama pande mbili za kifua hupanda sawasawa, kama pumzi ni za haraka, kama midomo imebadilika rangi. Ndiyo sababu mgonjwa huombwa avue shati. Si kwa kumvunjia heshima.

Pili hutumia mikono. Huweka viganja mgongoni na kumwambia mgonjwa atamke neno. Waganga waliosoma kwa Kifaransa humtaka aseme «trente-trois», yaani thelathini na tatu. Penye homa ya mapafu, pafu limekuwa gumu, na mtetemo wa sauti huzidi. Penye maji kati ya pafu na mbavu, hufifia.

Tatu hugonga kwa kidole juu ya kidole. Kifua chenye hewa hulia kama ngoma. Chenye maji hutoa sauti nzito, kama pipa lililojaa. Njia hii ilielezwa mwaka 1761 na Leopold Auenbrugger, mganga wa Vienna, ambaye baba yake alikuwa na nyumba ya wageni. Wenzake wengi hawakumjali. Ilikuwa mwaka 1808 Corvisart, mganga wa Napoleon, alipokitafsiri kitabu chake kwa Kifaransa, ndipo njia hiyo ikaenea.

Nne husikiliza. Mwaka 1816, katika hospitali ya Necker mjini Paris, mganga Laennec aliona haya kulaza sikio lake juu ya kifua cha msichana mgonjwa. Akakunja karatasi kama bomba, akaweka ncha moja kifuani na nyingine sikioni. Akasikia moyo vizuri kuliko zamani. Baadaye alichonga bomba la mti, na mwaka 1819 akatoa kitabu juu ya sauti za kifua. Kifua kikuu, ugonjwa aliouchunguza sana, ndicho kilichomwua mwaka 1826, naye ana miaka 45 tu.

Lakini sikio lina mipaka yake. Mtu aweza kuwa na kifua kikuu, na kifua chake kisitoe sauti yoyote mbaya. Kwa hiyo mganga akiagiza makohozi yapimwe, au picha ya kifua ipigwe, tusikatae.

Nasi nyumbani tunayo kazi. Mtu akikohoa majuma mawili au zaidi, akikonda, akitoka jasho usiku au akitema damu, tusiseme amerogwa, wala tusimfiche kwa kuogopa maneno ya majirani. Kifua kikuu hupona; dawa yake ya kawaida humezwa miezi sita, bila kuikatiza hata mgonjwa akijiona mzima. Akifichwa, ataambukiza watoto wanaolala naye chumba kimoja.

Na mtoto mchanga je? Mama aweza kumchunguza akiwa na saa tu. Mtoto akiwa ametulia, ahesabu pumzi zake dakika nzima. Pumzi 60 au zaidi kwa mtoto asiyetimiza miezi miwili, 50 kwa aliye chini ya mwaka, 40 kwa wa mwaka mmoja hadi mitano: hiyo ni hatari. Kama chini ya mbavu panabonyea kila avutapo pumzi, hatari ni kubwa zaidi. Asingoje asubuhi, wala mume asingoje mshahara, wampeleke upesi.

Wazee walisema: mficha maradhi, kifo humwumbua. Tuvue shati, basi, tumwache mganga asikilize.