Kuona na Kufunga Vikao vya Hifadhidata

Mwalimu wenu na aandike ubaoni maneno matatu: hifadhidata, seva, kikao. Yasomeni kwa sauti, kisha sikilizeni.

Hifadhidata ni kama daftari kubwa lililo ndani ya kompyuta. Seva ni kompyuta inayolitunza daftari hilo na kuwahudumia watu wengi kwa wakati mmoja. Kikao ni muda ambao mtumiaji mmoja ameunganishwa na daftari, tangu aingie mpaka atoke.

Huenda umepata kusimama dirishani, karani akakuambia, "Ngoja, mfumo umekwama." Mara nyingine sababu ni kikao kimoja tu. Mtu ameanza kubadili hesabu, hakumaliza, akaenda kula. Mstari alioushika umetiwa kufuli, na wengine wanaotaka kuubadili hawana budi kungoja.

Tena nafasi zina mwisho. Tuchukue mfano wa PostgreSQL, programu ya hifadhidata iliyoanzia Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka 1986. Isipobadilishwa, hupokea miunganisho 100, na 3 kati yake ni akiba ya msimamizi mkuu. Nafasi zikijaa, ajaye hukataliwa. Lakini msimamizi bado aweza kuingia atengeneze mambo.

Basi msimamizi afanye nini?

Kwanza, atazame. Huandika hivi:

SELECT * FROM pg_stat_activity;

Seva humwonyesha orodha: namba ya kila kikao, jina la mtumiaji, saa aliyoingia, ombi lake la mwisho, na hali yake. Neno active maana yake kazi inaendelea. Neno idle maana yake mtumiaji amekaa kimya. Maneno idle in transaction maana yake ameanza kazi, hakuimaliza, naye amekaa kimya. Huyu ndiye wa kuangaliwa sana, kwani huenda ameshika kufuli.

Pili, aulize. Jina amekwisha kuliona. Ampigie mwenyewe simu. Pengine atamaliza kazi yake na kutoka kwa hiari.

Tatu, akatishe kwa upole. Amri ya pg_cancel_backend hukatisha ombi linaloendelea bila kumtoa mtumiaji. Lakini aliyekaa kimya hana ombi la kukatishwa, kwa hiyo kwake amri hii haifai kitu.

Nne, afunge kikao. Ikiwa namba yake ni 4821, huandika:

SELECT pg_terminate_backend(4821);

Hapo kikao hufungwa, kufuli hufunguka, na waliokuwa wakingoja huendelea. Lakini angalieni sana. Kazi iliyokwisha kuthibitishwa haipotei. Ile ambayo haijathibitishwa hufutwa yote, na daftari hurudi kama lilivyokuwa. Karani aliyeingiza majina 200 bila kuthibitisha ataanza tena jina la kwanza. Ndiyo sababu tumesema kuuliza kuje kabla ya kufunga.

Wako wenye haraka wanaoiacha amri hii, wakatumia kill -9, amri ya nguvu ya kompyuta yenyewe. Usifanye hivyo. PostgreSQL ikiona kikao kimoja kimeuawa ghafula namna hiyo, huvikata vikao vyote, kisha huanza kujitengeneza. Ulitaka kumtoa mtu mmoja, nawe umewatoa wote, na foleni ya dirishani imezidi kuwa ndefu.

Sasa jibuni maswali haya katika madaftari yenu:

1. Kikao ni nini?
2. Kwa nini mtu aliyekaa kimya aweza kuwazuia wengine?
3. Kikao kikifungwa, ni kazi gani hupotea, na ni ipi hubaki?

Someaneni majibu yenu, na asiyeelewa asione haya kumwuliza mwalimu. Kwaherini mpaka somo lijalo.