Je, Wajua? Boma la Iringa

Je, wajua ya kuwa jengo lile la kale liitwalo Boma, lisimamalo katikati ya mji wa Iringa, Wadachi walilijenga liwe hospitali, na ya kwamba Waingereza, walipoushika utawala baada ya Vita Kuu ya Kwanza, waliligeuza kuwa ofisi za serikali, hata mwaka 2016, kwa jitihada za Chuo Kikuu cha Iringa na mradi wake wa Fahari Yetu, likafunguliwa kuwa makumbusho ya mkoa? Ajabu iliyoje, maana dola iliyolijenga ndiyo ile ile iliyoivunja kwa mizinga ngome ya Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, huko Kalenga mwaka 1894; na leo humo humo zasimuliwa habari za Wahehe na jirani zao. Lakini fuvu linalosadikiwa kuwa la Mkwawa, lililochukuliwa na Wadachi, ambalo Mkataba wa Versailles wa 1919 uliamuru lirejeshwe, nalo lisirejee mpaka mwaka 1954, hulikuti Bomani: limo ndani ya sanduku la kioo katika makumbusho ya Kalenga, yapata kilomita 15 kutoka mjini. Basi ewe msafiri utokaye Mbeya kwenda Dar es Salaam, usiishie Ipogolo, pale barabara kuu ipitapo chini ya mji. Panda mjini ukayazuru yote mawili.