Je, Wajua? Uma na Kijiko vya Dhahabu
Mtalii wa Kimarekani akiingia mgahawani Roma na kuagiza fettuccine Alfredo yenye krimu na kuku, mhudumu huenda akamkodolea macho. Ajabu ni kwamba chakula hicho kilizaliwa Roma hapohapo. Mpishi Alfredo di Lelio alitumia tambi pana za moto, siagi na jibini ya Parmigiano, basi. Alizigeuzageuza mbele ya wateja mpaka siagi na jibini zikayeyuka na kuzivika tambi mchuzi mzito. Miaka ya 1920, waigizaji wa filamu Mary Pickford na Douglas Fairbanks walinogewa hata wakamtunuku uma na kijiko vya dhahabu. Krimu iliongezwa baadaye huko Marekani na, kusema kweli, haina kazi humo.